Stika nyeusi na maandishi ya baba mdogo

Najua nimepotea zaidi ya mwezi, msidhani nimedisko, teh teh teh. Nilikuwa nyumbani Sumbawanga kwa likizo, nimerudi hapa Mkwawa juzi usiku nikiwa na vumbi, karanga za mama na stori moja ambayo haitoki kichwani. Wale tunaosoma Historia pamoja, hii ni ya kwenu. Wale wa Jiografia vumilieni tu, baridi ya Ufipa mtaikuta humo humo.

Iko hivi. Mzee alikuwa anauza Hiace yake. Mdogo wangu wa kike kapata nafasi chuo cha uuguzi, ada inatakiwa mapema, na mnajua mahindi yakishakuwa mengi kwetu bei inavyolala. Mnunuzi akapatikana, mtu wa Laela, hela mkononi, ila sharti lake moja: gari irudi kuwa nyeupe. Kadi ya gari imeandikwa nyeupe, gari yenyewe nyeusi tii! Wala haikupigwa rangi. Mwaka 2016 mzee alipata hela ya mavuno akaipeleka Mbeya, wakaivisha stika nyeusi isiyong'aa gari zima, ndiyo ilikuwa fasheni. Fundi (simtaji) alimwambia siku yoyote akitaka itatoka kama ganda la ndizi. Thubutu!

Kazi ya kubandua akapewa baba mdogo, na mimi nikawa saidia fundi.

Baba mdogo si fundi wa stika wa kuzaliwa. Zamani maandishi karibu yote ya mjini kwetu yaliandikwa kwa mkono. Ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, kichwa cha kijana kwenye ukuta wa saluni, jina la basi, yote ni brashi na rangi ya mafuta, na yeye alikuwa mmoja wa waliokuwa wanategemewa. Ikaja kompyuta na mashine yake ya kukata stika. Unachapa jina, kisu kinakata herufi, unabandika, mteja anaondoka. Kazi iliyokuwa inamchukua siku nzima ikawa ya nusu saa. Wateja wakahama mmoja mmoja. "Ningefanyaje mwalimu?" aliniambia (ananiita mwalimu toka nimeingia chuo). "Nikaweka brashi kwenye kopo, nikaenda kujifunza kubandika."

Hapo nikakumbuka malungu. Wafipa walikuwa wafua chuma wakubwa, tanuri zao za udongo zilifika mita 3 na zaidi kwenda juu, na zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kikasafishwa tena kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameifanyia utafiti mkubwa teknolojia hiyo ya chuma. Lakini enzi za ukoloni yakaja majembe ya dukani kutoka nje, na malungu yakazimika. Mafundi hawakusahau kazi, ila wateja ndio waliohama. Stori ni ile ile, jembe limegeuka stika.

Na hii stika imetoka wapi? Mwaka 1926 Marekani, mkemia Waldo Semon wa kampuni ya Goodrich alikuwa anatafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Akachemsha plastiki ngumu iitwayo PVC pamoja na vimiminika fulani, badala ya gundi akapata kitu laini kinachovutika. Ndiyo hiyo mama yake stika zote. Kuvisha gari zima kulikuja kushika kasi miaka ya 1990. Mwaka 1993 kampuni ya Pepsi ilivisha basi zima kutangaza soda yake. Ujerumani, ambako taksi zilitakiwa ziwe na rangi moja ya krimu, wenye taksi waligundua kwamba ukivisha stika badala ya kupiga rangi, siku ya kuiuza unabandua tu na rangi ya kiwandani iko palepale. Wazo la ganda la ndizi lilianzia huko, wazee!

Huku kwetu gari kuvaa na kuvua ni historia kamili. Kenya, kuanzia Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zililazimisha matatu kuwa na mstari wa njano, michoro ikafutwa, hadi mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu irudi. Hapa Tanzania kumbukeni mitandao ya simu: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na mwaka 2024 Tigo ikawa Yas. Kila jina likibadilika kuna mtu mahali fulani kashika kisu anabandua jina la zamani. Kila uchaguzi ukiisha vivyo hivyo, sura za wagombea zinavuliwa milangoni. Na Sumbawanga mambo haya yalichelewa sababu ya barabara. Lami ya kutoka Tunduma, kama kilomita 224, ilijengwa kwa fedha za mkataba ambao Tanzania na Marekani walisaini mwaka 2008. Kabla ya hapo, stika gani ingestahimili lile tope na kokoto?

Haya turudi kwenye Hiace. Kuna stika za aina mbili. Moja inamiminwa ikiwa majimaji halafu inakaushwa, hiyo hutulia. Nyingine inasukumwa katikati ya vyuma kama chapati, ni ya bei nafuu, ila siku zote inataka kurudi ilivyokuwa, inajikunja kwenye kona. Ya mzee ilikuwa hiyo chapati. Weka juu yake miaka mingi ya jua la nyanda za juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilikuwa imekauka kama gamba. Asubuhi ya mwezi wa 8 ukiivuta inavunjika vipande kama kucha. Tukaazima drayer ya saluni. Baba mdogo anapasha moto taratibu hadi ilainike, mimi navuta kwa kuilaza, siyo kuinyanyua, maana ukiinyanyua unaondoka na rangi. Gundi iliyobaki tunafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Siku mbili, ubavu mmoja!

Siku ya tatu tukafika mlango wa nyuma. Baba mdogo akasimama ghafla. Chini ya stika kulikuwa na herufi. MSHUKURU MAMA. Ni yeye aliyeziandika kwa brashi mwaka 2006, gari ilipofika, kwa sababu bibi ndiye aliyeuza ng'ombe wawili hela ikatimia. Bibi hayupo tena. Na miaka yote hiyo baba mdogo aliamini mzee aliruhusu zikwanguliwe kule Mbeya. Hakuwahi kuuliza. Mimi nilikuwa naona tu haji nyumbani kama zamani, nikajua ni mambo ya wakubwa.

Mzee akaitwa. Akaangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Niliwaambia wasiziguse." Basi. Hakuna aliyeongeza neno, wanaume wa kwetu mnawajua. Ila mzee alivua koti akashika drayer.

Tulijitahidi mno lakini KURU MAMA ilitoka na stika, rangi ikiwa imeng'ang'ania kwenye gundi, herufi zimegeuka kinyume. MSHU ikabaki mlangoni. Mnunuzi hakutaka gari yenye nusu neno, ikabidi baba mdogo mwenyewe aifute kwa mkono wake. Lakini jua la jioni likipiga kwa ubavu, maneno yote mawili yanasomeka bado. Nyeupe iliyokuwa chini ya herufi haikupigwa na jua miaka kumi ile ya mwanzo, kwa hiyo haijapauka kama sehemu nyingine. Mnunuzi wala hajaona, teh teh.

Darasani tunakariri vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, akiolojia. Mimi nilivikuta vyote vitatu kwenye mlango mmoja wa Hiace. Lakini bila kubandua, masimulizi ya baba mdogo yangebaki ya uongo na yeye angekufa nayo. Jamani, kama nyumbani kuna ndugu mmoja aliyepunguza kuja, ulizeni mapema, msisubiri gari iuzwe.

Ada imelipwa. Kipande cha stika chenye KURU MAMA nimekibandika ukutani hosteli, juu ya kitanda. Rumeti wangu kaniuliza hiyo ni lugha gani.

Naomba kuwasilisha. Wiki njema wadau, tuko pamoja.