Mali Bila Daftari: Maombi ya Ruzuku na Hifadhi ya Majengo Yetu ya Kale

Tunapowapeleka wanafunzi kuyatazama magofu ya kale, swali lao la kwanza huwa ni nani aliyeyajenga. La pili huwa ni lini yalijengwa. Ni nadra sana mwanafunzi kuuliza la tatu, nalo ni hili: nani anayalipia yasianguke? Hata hivyo swali hilo nalo ni la historia kama yale mawili ya kwanza. Ukuta hausimami kwa mapenzi ya watu peke yake. Wahitaji chokaa, mawe, boriti na mafundi, nao mafundi wahitaji ujira. Pale mali ya wenye ukuta isipotosha, hapana budi mtu akae kitako aandike barua ya kuomba. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi maombi ya namna hiyo yalivyoingia katika historia ya utamaduni wetu, na yale ambayo taifa linapaswa kuyajua juu ya mali yake kabla halijanyosha mkono kwa mtu ye yote.

Tuanze Kilwa Kisiwani, kwa kuwa huko jambo hili lina umri mkubwa. Tarehe ya Kilwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London katika British Library, yasimulia kwamba Msikiti Mkuu wa mji ule ulianguka, ukakaa muda mrefu pasipo kujengwa upya. Katika karne ya 15, wakati wa utawala wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, mtu mmoja aliyekwisha kuhiji aliomba ruhusa aujenge kwa mali yake mwenyewe. Sultani alikubali, lakini kwa sharti kwamba mtu huyo apokee kwake mithkali 1,000 za dhahabu ziwe msaada wa kazi. Yule haji alizipokea, kwa kuwa asingeweza kumkatalia mfalme. Kisha akaujenga msikiti kwa fedha zake, na Sultani alipofariki akazirudisha zile mithkali kwa warithi.

Kisa hiki ni kifupi, lakini mambo yote tutakayoyazungumza yamo ndani yake. Yupo mwombaji, yupo mtoaji, na lipo sharti. Zaidi ya hayo, mwombaji alikwenda mbele ya mtoaji akiwa amekwisha kutenga fungu lake na kujua kazi anayotaka kuifanya. Kwa sababu hiyo aliweza kupokea msaada bila ya kuwa mtumwa wa msaada.

Karne zilizofuata hazikuiachia Kilwa neema hiyo. Mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu, uliingiliwa na Wareno mwaka 1505. Ingawa ulipata nafuu baadaye, biashara yake ilihamia kwingine, na majumba yake yakaachiwa miti na mvua. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kulinda majengo ya kale mwaka 1937. Lakini ilikuwa karibu na mwisho wa ukoloni, katika mwaka 1957, alipowekwa mtaalamu wa kwanza wa kuyasimamia, Neville Chittick, ambaye aliichimbua Kilwa kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1974. Baada ya Uhuru, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979.

Sheria ni jambo jema. Humzuia mwenye tamaa asibebe jiwe la mihrabu kwenda kuliuza. Lakini sheria haichomi chokaa. Taifa changa lililokuwa likihitaji shule, visima na zahanati lilikuwa na haki ya kuyatanguliza hayo, na ni vigumu kumlaumu mtu aliyeshindwa kuliweka gofu mbele ya mgonjwa. Basi ikawa lazima kutafuta njia nyingine.

Shida hiyo haikuwa yetu peke yetu. Katika bonde la Nili, Misri ilikuwa imeamua kujenga bwawa kubwa huko Aswan, na maji ya bwawa hilo yangelifunika mahekalu ya Wanubi na ya Mafarao wa kale, upande wa Misri na upande wa Sudan. Mwaka 1959 serikali zote mbili ziliiandikia UNESCO, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, kuomba msaada. Tarehe 8 Machi, 1960, Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Vittorino Veronese, alitoa wito kwa ulimwengu mzima. Mataifa kama 50 yaliitikia. Kati ya mwaka 1964 na 1968 mahekalu mawili ya Abu Simbel yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, yakainuliwa juu ya mlima na kuungwa upya. Kazi yote ya Nubia ilikamilika mwaka 1980.

Yafaa tuyatazame maombi hayo kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza twaona ushindi: kwa mara ya kwanza dunia ilikubali kwamba jengo lililomo katika nchi moja ni amana ya wanadamu wote. Kwa jicho la pili twaona bei yake. Waliotoa msaada walipewa shukrani inayoshikika kwa mkono: hekalu la Dendur lilikwenda Marekani, la Debod Hispania, la Taffeh Uholanzi, na la Ellesyia Italia. Nao Wanubi wenyewe walihamishwa kutoka katika ardhi ya wazee wao. Watu wa Wadi Halfa walipelekwa Khashm el-Girba, mbali na mto waliouzoea. Mawe yalitafutiwa mahali pa kukaa karibu na pale yalipokuwa, na watu wakapelekwa mbali. Mwalimu anayefundisha habari za Abu Simbel na kuyaacha haya atakuwa amefundisha nusu ya somo.

Kutokana na mafunzo ya Nubia, na ya juhudi nyingine za wakati ule, mataifa yalikutana Paris na kuupitisha Mkataba wa Urithi wa Dunia tarehe 16 Novemba, 1972. Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Mkataba huo uliunda mfuko maalumu, ambao kila nchi mwanachama huutilia mchango wake kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo nchi inayoomba kutoka katika mfuko huo huomba katika chungu ambacho nayo imekitilia unga. Ndiyo maana nchi iliyo nyuma katika kulipa mchango wake hainyimwi msaada wa dharura, lakini misaada mingine huikosa.

Sasa tuone ombi lenyewe linavyotakiwa liwe. Mkataba wataka nchi inayoomba ieleze mambo matano: shughuli inayokusudiwa, kazi zinazohitajika, makadirio ya gharama, kiasi cha haraka kinachotakiwa, na sababu zinazoifanya nchi ishindwe kulipa gharama zote yenyewe. Kwa mtu asiyeizoea kazi hii, haya yaweza kuonekana kuwa ni mambo ya makarani tu. Kwa hakika kila moja ni swali gumu la historia.

Chukueni mfano wa kazi na gharama. Kuta za Kilwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo pwani. Ukuta wa namna hiyo hupumua: huingiza unyevu na kuutoa. Fundi akiuziba kwa saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hukusanyika ndani, na jiwe laini la matumbawe huanza kumomonyoka nyuma ya plasta iliyo ngumu kuliko lenyewe. Kwa hiyo mwombaji anayeandika katika makadirio yake idadi ya mifuko ya saruji amekwisha kuonyesha kwamba halijui jengo lake. Anayeandika kuni za tanuru, siku za kuilowesha chokaa, na ujira wa mzee anayejua kuichoma, huyo amefanya utafiti. Ameuliza, amesikiliza, amepima. Hesabu yake ya fedha ni maelezo ya ustadi wa wahenga kwa lugha ya tarakimu.

Kadhalika katika jambo la haraka. Haitoshi kulia kwamba gofu linaanguka. Lazima ionyeshwe ufa ulikuwa na upana gani mwaka juzi na una upana gani leo, na bahari imekula hatua ngapi za ufuko. Asiyekuwa na kipimo cha jana hawezi kuithibitisha hatari ya leo. Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika hifadhi ya mambo ya kale usemi huu ni kweli tupu. Nchi nyingi maskini hukosa ruzuku zinazostahili kuzipata kwa sababu daftari halikuandikwa wakati mwafaka, wala si kwa sababu urithi wao ni mdogo.

Tena Mkataba huo wasema kwamba, kwa kawaida, jumuiya ya mataifa italipa sehemu tu ya gharama, na kwamba mchango wa nchi yenyewe uwe mkubwa, isipokuwa pale ambapo hali yake hairuhusu. Sharti hili huwakera baadhi ya watu. Sisi twaliona kuwa ni sharti la heshima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya juu ya hatari ya kuyategemeza maendeleo yetu kwenye fedha za wengine, na yule haji wa Kilwa aliishi katika imani hiyo zaidi ya miaka 500 kabla ya Azimio. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Jina lile kubwa halikuyaponya. Mawimbi yaliendelea kuula ufuko, mizizi iliendelea kupasua kuta, na mwaka 2004 magofu hayo yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wako waliolichukulia tangazo hilo kama aibu. Kumbe lilikuwa kengele, na kengele hiyo ilisikika. Kwa misaada ya Ufaransa na Japani, na baadaye ya Marekani, kazi ilifanyika: kuta zilitegemezwa, miti ikaondolewa kwa uangalifu, na kingo za bahari zikaimarishwa. Wanakijiji walipewa mafunzo na kushiriki katika kazi kwa mikono yao. Mwaka 2014 magofu hayo yalitolewa katika orodha ya hatari.

Katika mafanikio hayo twawaombeni wasomaji mwatazame hasa wanakijiji. Mtaalamu mgeni huja na mkoba wake, na ruzuku inapokwisha hufunga mkoba akaondoka. Mvua ya masika inayofuata humkuta yule aliyebaki kisiwani. Akiwa amefunzwa kuchoma chokaa na kuzibua mfereji, ruzuku imezaa. Akiwa alikuwa mbeba mawe tu, ruzuku imekufa pamoja na hesabu zake.

Nao ucheleweshaji una adhabu yake. Jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, lilikuwa limedhoofika kwa miaka mingi. Sehemu ya roshani zake ilianguka mwaka 2012. Ukarabati ulipoanza, kwa msaada wa Oman, jengo lilikuwa limekwisha kuchoka. Tarehe 25 Desemba, 2020, kazi ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Twalitaja jambo hili kwa huzuni, pasipo kumnyoshea mtu kidole. Fedha zilikuwapo, mafundi walikuwapo, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na nyakati nyingine ukuta haukungojei uujenge.

Tumalizie kwa neno kwa walimu na wanafunzi. Si kila kijiji kina Husuni Kubwa, lakini kila wilaya ina cha kuhifadhi: msikiti wa zamani, kanisa la kwanza, boma, kaburi la nguzo, tanuru la chuma, mwamba wenye michoro. Shule yaweza kuanza kazi ambayo haihitaji ruzuku yo yote. Wanafunzi na wapime urefu wa kuta na upana wa nyufa, wayaandike majina ya mafundi na ya vifaa kama wazee wanavyoyataja, waweke tarehe, na darasa la mwaka ujao lirudi kupima tena. Baada ya miaka 10 shule hiyo itakuwa na hati ambayo pengine hata makao makuu hayana.

Siku itakapofika ya kuandika ombi, iwe kwa serikali yetu au kwa mataifa, kazi kubwa itakuwa imekwisha kufanyika. Mwandishi wa ombi atalifungua daftari la shule, atanakili vipimo, ataonyesha kile ambacho wananchi wamekwisha kukitoa, kisha atataja upungufu uliobaki. Hapo ataomba kama alivyoomba yule haji wa Kilwa, fungu lake likiwa tayari mkononi.