Gitare kavu ya wazee: ilitoka wapi, na leo iko kwa nani?

Mu komini ya Dilala, siku ya Mungu nyuma ya misa, haikosi parseli moja ambamo muzee anaweka telefone yake juu ya meza na kufungua muziki ya gitare moja tu, bila ngoma, bila piano. Vijana wanauliza: «Papa, hii nayo ni nini?» Muzee anajibia: «Hii ndiyo ilikuwa muziki.» Kiisha ananyamaza, anasikiliza.

Ile muziki iko na historia yake, na sehemu kubwa ya ile historia ni ya hapa Lualaba.

Mutoto wa Bunkeya

Jina lenye kurudia sana mu kinywa cha wazee ni Mwenda Jean Bosco, mwenye watu walimuita pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka wa 1930 ku Bunkeya, ule muji wa mufalme Msiri. Toka Katanga ikatwe mu provinsi ine mwaka wa 2015, Bunkeya iko mu Lualaba, teritware ya Lubudi.

Mwaka wa 1952 Mwenda alikuwa Jadotville, muji wenye leo unaitwa Likasi. Muingereza mumoja, Hugh Tracey, alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kukamata sauti. Alimukuta anapiga gitare mu njia, akamukamata sauti. Mwimbo «Masanga» ukatoka ku disiki, na Mwenda alikuwa na miaka 22 tu.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa Edouard Masengo, kulikuwa Losta Abelo. Masengo alijulikana pia na kundi la JECOKE, maana yake Jeunes Comiques de la Kenya. Ile Kenya si inchi, ni komini ya Lubumbashi.

Mukono mumoja, gitare mbili

Mwenye kusikia «Masanga» mara ya kwanza anafikiri wapigaji ni wawili. Sivyo. Mwenda alikuwa anatumia vidole viwili vya mukono wa kuume: kidole gumba kinapiga nyuzi nzito za chini, kidole cha shahada kinapiga sauti ya juu. Kila kidole kinashika njia yake, lakini vinakutana. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Mwaka wa 1961 na 1962, mwalimu mumoja wa Uingereza, David Rycroft, aliandika ile kupiga kwake nota kwa nota mu gazeti la wenye kusoma muziki.

Na namna gani muziki kama hii ilizaliwa mu Katanga? Sababu ni migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na ilileta wafanyakazi toka pande nyingi: Kasai, Rwanda, Rodezia ya Kaskazini yenye leo ni Zambia. Mu kambi, watu wa kabila mingi walikaa mulango kwa mulango. Luga yenye iliwaunganisha ni Kiswahili, na mwenye mushahara aliweza kujinunulia gitare. Gitare moja inabebeka, haiombe kundi, na mwimbo wa Kiswahili kila jirani anausikia. Walikuwa wanaimba mapendo, ndoa, pombe, safari, na mashauri kwa vijana.

Toka Nairobi mupaka Newport

Karibu na mwaka wa 1960, Mwenda alikaa wakati kidogo Nairobi, akawa na saa yake ku radio. Wapigaji wengi wa Kenya walijifunza kwa kumusikiliza.

Mwaka wa 1969 alifika Marekani, akapiga ku festivali ya Newport. Ni kule kule, mwaka wa 1965, Bob Dylan alipanda na gitare ya umeme na watu wengine wakamupigia kelele. Wazungu walikuwa wanabishana: muziki ya babu na gitare ya umeme, vinaweza kwenda pamoja?

Huku Kongo, ile neno ilikuwa imekwisha kukatwa mbele. African Jazz ya Kabasele ilianza mwaka wa 1953, OK Jazz mwaka wa 1956. Rumba ya Kinshasa na gitare zake za umeme ilijaza radio na baa, na gitare kavu ikarudi mu nyumba. Mwaka wa 1979, mupigaji mumoja Muingereza, John Low, alikuja Shaba kutafuta Mwenda, Masengo na Abelo ili wamufundishe. Alitoka mbali kutafuta kitu chenye vijana wa hapa walikuwa wanaanza kusahau.

Mwaka wa 1990

Mwenda alikufa mwaka wa 1990, mu aksida ya gari inchi ya Zambia. Mwaka ule ule, mu mwezi wa tisa, mugodi wa Kamoto, hapa karibu na Kolwezi, ulianguka. Mambo haya mawili hayana uhusiano. Lakini kwa jamaa nyingi za Gécamines, mwaka wa 1990 ndio mupaka: kuko mbele yake, na kuko nyuma yake. Kampuni yenye ilitoa toni karibu 470 000 za shaba mu miaka ya 1980 ilishuka mupaka chini ya toni 20 000 ku mwanzo wa miaka ya 2000. Kiisha wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka na ile mupango ya «départ volontaire».

Kwa hiyo, muzee akifungua gitare yake, mara nyingi analilia vitu viwili pamoja: muziki, na ule wakati mushahara ulikuwa unafika, posho inatoka, lopitali iko wazi. Vizuri kuvitenganisha. Wakati wa «Masanga» ulikuwa pia wakati wa ukoloni, wenye mutu mweusi hakukuwa na ruhusa ya kukaa kila fasi. Muziki ile haikutoka mu raha. Watu waliitengeneza na kile walikuwa nacho.

Vijana nao wanafanya vile. Karindula, ile gitare kubwa ya fûti na ngozi ya mbuzi, yenye nyuzi ine, ni mutoto wa Katanga pia. Mwaka wa 2011 filme na disiki ya makundi ya karindula ya Lubumbashi ilitoka Bulaya.

Nini inabaki

Sauti zenye Tracey alikamata haziko Lualaba. Ziko Afrika ya Kusini, mu nyumba ya ukumbusho wa muziki yenye alianzisha mwaka wa 1954. Disiki zinaweza kungojea. Vidole vya muzee haviwezi.

Kama mu parseli yako kuko mutu mwenye anajua kupiga gitare kavu, umuombe siku moja ya Mungu. Weka telefone karibu na mikono yake, isikamate sauti peke yake, ikamate na picha ya vidole. Muulize jina la mwimbo, nani alimufundisha, mu kambi gani, mwaka gani. Uandike. Kiisha mupe mutoto gitare, akae karibu naye.