Kununua Siku Moja, Kulisha Kila Siku

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mimi, kwa ruhusa yao, naongeza la kizazi chetu: usipoosha chujio la hewa utanunua pistoni. Ndugu msomaji, najua umezoea kufungua kurasa hizi ukitafuta hadithi za mapenzi na mashairi. Leo nivumilie. Nataka tuzungumze juu ya gharama, na tupitie historia ya Tabora, kwa sababu mji huu umeota kando ya njia, na njia ndiyo mwalimu wa gharama.

Kaa kijiwe chochote cha bodaboda hapa mjini. Haitapita nusu saa kabla hujaonyeshwa kwenye simu mbio za motokrosi: pikipiki nyembamba, matairi yenye meno, zinaruka tuta la udongo kama panzi. Vijana wanatazamana. Mchanga tunao, vumbi tunalo, na watu wasioogopa kuanguka tunao wa kumwaga. Kisha linakuja swali: "Hiyo mashine bei gani?"

Swali zuri, lakini silo lenyewe. Swali lenyewe ni hili: inakula nini kila siku, na nani anailisha? Na swali hilo, bwana, ni kongwe kuliko pikipiki. Babu zetu walilijibu wakiwa na mzigo begani.

Turudi nyuma. Katika karne ya 19, Tabora, au Unyanyembe kama wasafiri walivyoiita nchi hii, ilikuwa njia panda ya biashara. Kutoka Bagamoyo msafara ulikuja hadi hapa, kisha ukagawanyika: wengine magharibi kwenda Ujiji, wengine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na vitambaa, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti vilipanda bara. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 27, 1857, wakaingia hapa Novemba 7. Hesabu mwenyewe, ni siku 134. Stanley mwaka 1871 alitumia karibu miezi mitatu, na yeye alikuwa mtu wa haraka kwelikweli.

Aliyebeba ni nani? Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kuliko wote. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi kidogo. Na wala si kazi tu. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa ni kuwa mwanamume. Asiyewahi kuiona bahari alitaniwa kama mtoto. Mbele alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa mapambo yake, bendera juu. Burton ameandika kwamba aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini: alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake ili jioni atambulikane ni nani. Unaona? Kumbe hamu ya kumpita aliye mbele ilikuwepo hata kwa watu wenye kilo thelathini begani! Damu ya mashindano haikuletwa na Wajapani.

Ila tusipake sukari. Si wote waliotembea njia ile kwa fahari. Wako waliotembea wamefungwa minyororo, wakauzwa, na hakuna aliyewauliza kama wanataka safari. Fahari ya njia na aibu yake vilikanyaga vumbi moja.

Sasa gharama. Tajiri aliyetaka kufanya msafara alianza kama kijana wa leo: alihesabu bei ya kuanzia. Vitambaa hivi, shanga hizi, wapagazi hawa. Kisha akaingia njiani, na njia ikaanza kula. Chakula cha kwanza kilikuwa posho. Kiwango cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Kibaba ni kidogo, ee? Haya, chukua kwa mfano watu 100, uwape mwendo wa siku 134 kama wa Burton. Vibaba 13,400. Na nafaka hiyo hukutoka nayo pwani. Uliinunua kijiji kwa kijiji, kwa bei ya kijiji, na mwaka wa ukame bei ilipanda bila kukuomba radhi.

Kwa vile hapakuwa na noti za kubeba mfukoni, fedha yenyewe ilikuwa kitambaa. Merikani, kile cheupe kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki, na shanga za rangi rangi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa matumizi ya njiani, na wapagazi walioibeba walihitaji kulishwa kwa mizigo hiyo hiyo. Ukiongeza watu ili kubeba posho, umeongeza midomo ya kula posho. Na shanga nazo zilikuwa na mitindo: rangi iliyotakiwa nchi hii ilikataliwa nchi ya pili. Ukibeba isiyotakiwa, umebeba mawe. Fundi yeyote wa pikipiki anaijua hali hiyo: spea mpya, inang'aa, halafu haiingii.

Chakula cha pili kilikuwa hongo. Leo neno hili linanuka, lakini zamani lilikuwa ushuru wa kupita. Ugogo ndiko walikolalamika zaidi, na wazungu katika vitabu vyao wakawaita Wagogo wanyang'anyi. Mimi nasema tuwe waadilifu. Ugogo ni nchi kavu, na kisima ni jasho la watu. Unakuja na mamia ya wanaume wenye kiu, unakunywa maji ya mwenzio, unakula akiba yake, halafu unashangaa kudaiwa? Hongo ilikuwa bei ya kutunza njia, ingawa wako watawala walioipandisha kwa tamaa. Na mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa kabisa. Stanley mwenye fedha za gazeti la New York ilibidi azunguke kusini. Fedha ya kuanza safari alikuwa nayo. Njia haikuwepo.

Sasa sikiliza jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Wapagazi walijua hesabu. Posho ikichelewa au ikipunguzwa, walitua mizigo, wakakaa chini. Wengine walitoroka usiku. Vitabu vya wasafiri vimejaa hasira juu ya "uvivu" wao. Uvivu gani? Mtu aliyetembea wiki kadhaa na kilo thelathini ni mvivu? Alichokuwa anasema ni hiki: ukitaka nguvu zangu, zilishe. Matunzo ya mwili wangu yawe ndani ya bei ya safari yako, yasitoke kwenye ujira wangu. Hilo naomba ulishike, tutarudi kwalo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa miezi ukawa wa siku, na misafara ya mabega ikafa. Watu walidhani gharama ya njia imekwisha. Wapi! Reli nayo ina tumbo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipong'oa njia maeneo ya Kilosa na Gulwe, sisi wa huku bara tulijifunza kwamba chuma cha mamia ya kilometa kinaweza kushindwa na daraja moja.

Funzo kubwa zaidi liko hapo Urambo, jirani zetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, kazi ikaanza mwaka 1947. Matrekta yaliyotumika vitani yakaletwa kwa wingi. Mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa yalikuwa yamelala. Ardhi ngumu, madereva waliofundishwa harakaharaka, spea hakuna, karakana hazijasimama. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda na upepo. Waingereza, wenye viwanda vyao, walishindwa na kitu ambacho kirangozi wa Kinyamwezi alikijua: kabla hujang'oa mguu, uliza cha kula kesho.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye mashindano. Mwaka 1953 yalianza mbio za magari zilizozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo baadaye dunia ilizijua kwa jina la Safari Rally. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya akiwa na ndugu yake Jaswant, na gari lao lilikuwa Volvo iliyokwisha tumika, si mpya ya dukani. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilikuwepo. Lakini Joginder alikuwa fundi. Alichokosa kwa mfuko alikilipa kwa mikono, akashinda tena 1974 na 1976. Siku zile mchezaji wa ridhaa mwenye spana aliweza kumfukuza tajiri.

Je, leo anaweza? Hapa nasikitika kidogo. Motokrosi ilizaliwa Uingereza miaka ya 1920, watu wakikimbiza pikipiki za kawaida juu ya vilima vya matope. Afrika Mashariki imechezwa Nairobi, Jamhuri Park, na Uganda, Garuga upande wa Entebbe. Kwa miaka mingi pikipiki zake zilikuwa zile zinazochoma oili pamoja na petroli. Injini ndogo, vipande vichache, fundi mwenye akili aliifungua na kuifunga chini ya mwembe. Mwisho wa miaka ya 1990 Yamaha walileta YZ400F yenye injini ya valvu, wengine wakafuata, na uwanja ukabadilika. Nguvu zikaongezeka, na vipande vikaongezeka pia. Zikiharibika, bili yake si ya mwembeni.

Na jinsi zinavyohesabu umri! Pikipiki ya bodaboda tunaihesabia kilometa. Ya motokrosi inahesabiwa saa za injini, na pistoni yake huishi makumi ya saa tu, kisha inabadilishwa hata kama bado inavuma vizuri. Chujio la hewa linaoshwa na kupakwa oili kila baada ya kukimbia, kwa sababu vumbi likiingia ndani linasaga kama msasa. Weka oili, cheni, sproketi, klachi, matairi. Weka helmeti, buti na kinga ya kifua, ambavyo si urembo. Weka gari la kuibeba, maana haina taa wala namba ya kupita barabarani. Yote hayo yanalipwa kwa dola, na dola yenyewe haisimami: mwaka 1990 ilikuwa kama shilingi 200, mwaka 2000 karibu 800, mwaka 2023 ikagusa 2,500. Pistoni ni ile ile. Ni shilingi yetu iliyokonda.

Ndiyo maana mchezo huu unaoitwa wa ridhaa umebaki kwa wachache. Ridhaa maana yake hulipwi. Lakini asiyelipwa na asiyekuwa na kitu si mtu mmoja. Mbio zinaanza siku nyingi kabla ya bendera, na wengi wamekwishatolewa jikoni kwao, kati ya unga na oili.

Niseme basi vijana wa Tabora waache kuota? Hapana. Nasema tuote kwa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakijikusanya kumi, pikipiki moja ya kawaida iliyotumika, fundi mmoja ndani ya kundi, na sanduku la matunzo linalojazwa kabla ya petroli kununuliwa, hao watafika mbali kuliko kijana mmoja aliyeuza shamba la baba kwa mashine inayong'aa.

Na lile la wapagazi nimesema tutarudi kwalo. Tazama kijana wa bodaboda mwenye mkataba. Kila jioni anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Tairi likiisha, mara nyingi ni lake. Cheni ikikatika, ni yake. Mgongo ukiuma, huo ni wake zaidi. Yeye ndiye mwanamichezo wa kweli wa mji huu, anakimbia kila siku, vumbi usoni, bila kombe. Mpagazi wa 1857 alikuwa na njia ya kudai posho: alitua mzigo chini na msafara mzima ukasimama. Huyu wa leo akisimama, anasimama peke yake, na kesho pikipiki anapewa mwingine.

Kwa hiyo ukiulizwa kijiweni mashine bei gani, jibu, si vibaya. Halafu muulize mwenzako: posho yake ya kila siku nani anatoa? Akikosa jibu, mwambie bado hajanunua kitu. Amechukua mzigo tu, na Ujiji bado ni mbali.