Tangu Mashahidi wa Mpakani Hadi Wakili: Habari za Ununuzi wa Shamba Nchini Kenya

Wanachama wa Chama chetu Kikuu hutuuliza mengi juu ya mbolea, bei na mikopo. Lakini mwanachama apatapo akiba na kutaka kuongeza shamba, swali lake huwa moja: je, yanipasa kumlipa wakili, ilhali muuzaji ni jirani yangu na hati yake nimeiona kwa macho? Tumeona vema, katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, tulijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa jibu lililotosha mwaka wa 1965 halitoshi leo.

Wazee wetu waliuziana ardhi pasipo ofisi. Katika nchi ya Wakikuyu mpaka ulipandwa mmea wa itooka mbele ya wazee. Pwani, wenye mashamba waliandikiana hati kwa kadhi, na mashahidi wakatajwa humo. Huku na huko haki ya mtu ilikaa vifuani mwa waliomjua. Kisha ikaja Pwani Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908, iliyomtaka kila mwenye dai alipeleke likaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi hawakudai, na mpaka leo wako wajukuu wao waitwao maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zao. Hapo ndipo karatasi ilipoishinda kumbukumbu kwa mara ya kwanza.

Fikira iliyotawala baadaye ilitoka mbali. Mwaka wa 1858, huko Australia Kusini, Robert Torrens alifaulu kupitisha sheria iliyosema kwamba daftari la Serikali ndilo neno la mwisho: aliyeandikwa humo ndiye mwenyewe, na mnunuzi hana haja ya kuchungulia nyuma ya pazia. Shabaha yake ilikuwa kupunguza gharama na kazi za mawakili! Fikira hiyo ikaenea katika makoloni ya Uingereza, na Kenya ikawamo.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulikusudia kumpa mkulima Mwafrika shamba moja lililounganishwa pamoja na hati, apate kukopa kwa dhamana yake. Kazi hiyo ilifanywa Mkoa wa Kati wakati wa Hali ya Hatari, wenye mashamba wengi wakiwa kizuizini. Yaliyowapata waliporudi twayajua. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka wa 1963 ikatia muhuri: mahakama haikuruhusiwa kurekebisha usajili wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa hila. Siku hizo basi aliyeisoma hati na kulipekua daftari aliweza kulala usingizi.

Hata hivyo wakulima wengi hawakufika kwenye hati. Baada ya Uhuru, watu walichanga fedha katika kampuni na vyama vya ushirika, wakanunua mashamba makubwa ya walowezi. Jambo hilo lilikuwa la fahari. Lakini mwanachama alipewa cheti cha hisa, naye akakichukua nyumbani kana kwamba ni hati ya shamba. Cheti cha hisa humpa mtu sehemu katika chama. Hakimwandiki katika daftari la ardhi. Wako waliongoja mgawanyo miaka mingi, na wako waliokufa wakingoja. Sisi wa ushirika yatupasa kulisema hili bila kuona haya, maana wakati huo wakili aliyekuwapo alikuwa wa kampuni, na mwenye hisa hakuwa na wake.

Mwaka wa 1967 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Mauzo ya shamba yahitaji idhini ya Bodi, na ombi lipelekwe katika miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Pasipo idhini mauzo ni batili, na sheria humwachia mnunuzi kudai fedha zake tu. Ni kweli kwamba katika kesi nyingine za miaka ya karibuni mahakama zimemwokoa mnunuzi kwa kanuni za uadilifu. Lakini mtu mwenye busara hanunui shamba akitarajia kuokolewa.

Pazia la Torrens lilianza kupasuka mwaka wa 2004, Tume ya Ndung'u ilipoeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria na kupewa hati zenye mihuri yote. Katiba ya mwaka wa 2010 ikatamka kwamba mali iliyopatikana isivyo halali haina ulinzi, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 ikaruhusu hati ipingwe ikiwa msingi wake ni mbovu. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, Mahakama ya Juu ikakata kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa. Kampuni iliyokinunua ilikuwa na hati. Lakini mgao wa kwanza, wa mwaka wa 1989, haukufuata utaratibu, na kiwanja kilikuwa uwanja wa umma. Mahakama ikasema hati pekee haitoshi, na kampuni ikakikosa.

Hii ndiyo sababu ya kumtafuta wakili leo. Kazi yake si kusoma hati, bali kuifuata nyuma mpaka shina lake: nani alipewa kwanza, kwa idhini gani, na kila mkono uliofuata uliipata vipi. Atazame pia kama kuna rehani au zuio, na kama ni mali ya ndoa, mke au mume wa muuzaji ametoa ridhaa.

Wengine huuliza kama wakili mmoja aweza kuwatumikia wote wawili ili gharama ipungue. Twashauri kila mtu awe na wake, kwa kuwa siku ya ugomvi wakili huyo mmoja hawezi kusimama pande mbili. Na ajiriwe kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa, si baada ya dalali kuchukua arubuni. Ujira upatanwe mapema kwa maandishi, na cheti chake cha kufanya kazi mwaka huo kithibitishwe kwa Chama cha Wanasheria.

Lipo pia jambo ambalo wakili hataliona ofisini. Mwaka wa 2018 Mahakama hiyo hiyo ilithibitisha kwamba amana ya kimila, yaani ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la mmoja, humfunga mwenye hati ingawa haikuandikwa daftarini. Kwa hiyo mnunuzi na aende mwenyewe, akae na majirani, awaulize wazee kaburi lile ni la nani na ni nani alimaye kona ile, kisha ampelekee wakili habari hizo. Naye mpimaji aonyeshe mawe ya mipaka.

Hati mpya ikishatoka, wakili afanye upekuzi mmoja wa mwisho kuona kwamba jina limeingia daftarini, na nakala yake iwekwe pamoja na mkataba, barua ya idhini ya Bodi na stakabadhi za malipo yote.