Kupita na Kukaa: Uraia wa Uwekezaji Ukitazamwa kutoka Tabora

Mwaka 2014 nchi mbili ziligawa uraia kwa namna ambazo inafaa zitazamwe pamoja. Malta, kisiwa cha Bahari ya Kati na mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ilifungua mpango wa kumpa uraia mgeni atakayechangia euro 650,000 katika hazina yake, akanunua au kupanga nyumba kisiwani, na kuweka euro 150,000 nyingine katika hati fungani. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alianza kukabidhi vyeti vya uraia wa tajnisi kwa watu wapatao 162,000 waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi. Walikuwa wakulima wa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wengi waliingia nchini mwaka 1972. Malta ilidai mwaka mmoja wa ukaazi, tena ukaazi wa makaratasi zaidi kuliko wa mwili. Wakulima wale walikwisha kutimiza arobaini na miwili.

Kwetu uraia wa kununua hujadiliwa kana kwamba jambo la kuamua ni bei tu: tutoze kiasi gani, na fedha ziende mfuko gani? Nadhani tunaanzia pasipofaa. Jambo la kuamua kwanza ni kitu gani hasa mgeni anaweza kuuziwa, na kwa hilo Tabora ina historia ndefu kuliko Malta.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipopita Ugogo na kuingia Unyamwezi, ilikatiza himaya nyingi za watemi, kila moja na ushuru wake. Mwenye msafara alilipa hongo kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Malipo hayo yalimpa mambo mahususi: ruhusa ya kuteka maji, soko la chakula cha wapagazi, na usalama ndani ya mipaka ya mtemi. Aliyelipa mwaka huu alilipa tena mwakani. Hata angepita mara kumi, hakuna aliyemhesabu kuwa mwenyeji kwa sababu ya vitambaa alivyotoa, na yeye mwenyewe hakutarajia hivyo. Njia hii ilibeba pembe na ilibeba pia watumwa, kwa hiyo sioni sababu ya kuipamba. Lakini watawala wake walijua wanachouza ni nini.

Waliotaka kukaa walipaswa kuingia kwa mlango mwingine. Kufikia katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu kutoka Unguja na Omani, pamoja na Wahindi wachache kama Musa Mzuri, walikuwa wamejenga tembe zao Kaze, jirani na makao ya mtemi wa Unyanyembe, katika eneo ambalo leo ni Tabora. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Novemba 1857, mwenyeji wake alikuwa mmoja wao, Snay bin Amir. Walioshika mizizi ni wale waliounga udugu na nyumba ya utawala. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa ile ilimpa heshima na ulinzi, na ilimtwika mzigo vilevile. Wakwe wana madai yao, na ugomvi wa kurithi kiti cha utemi ukawa ugomvi wake pia. Asingeweza kufunga mizigo akajitoa siku biashara ilipoharibika.

Ugomvi wenyewe ulikuja upesi. Fundikira alikuwa amewaachia wageni wale wafanye biashara bila kuwatoza. Alipofariki, karibu na mwaka 1858, mrithi wake Mnywa Sele aliamua kuwatoza ushuru. Wafanyabiashara walikwisha kuzoea msamaha hadi wakauona kuwa haki. Walimwondoa kwa bunduki na kumkalisha Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele aliishi uhamishoni ndani ya nchi yake. Mwaka 1861 alikutana na mpelelezi mwingine Mwingereza, John Hanning Speke, njiani akamwomba awe mpatanishi, na mwaka 1865 aliuawa.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama sura ya vita vya biashara. Nakisoma pia kama kisa cha uraia. Hapa palikuwa na jumuiya ya matajiri iliyopata sauti ya mwenyeji bila mzigo wa mwenyeji, na mzigo ulipowekwa mezani, ikabadilisha mtawala. Fedha zilizoletwa Unyanyembe zilikuwa nyingi, na soko lilineemeka. Kilichokosekana ni makubaliano kwamba anayenufaika na utawala anawajibika kwake. Miaka michache baadaye Mirambo wa Urambo alidai ushuru wake kwa nguvu, na vita vya 1871 vikaifunga njia. Hivyo ndivyo gharama ya msamaha ule ilivyozidi kukua.

Katika sheria ya kimataifa, swali hili lilifika mahakamani kwa jina la mtu mmoja. Friedrich Nottebohm, Mjerumani, aliishi na kufanya biashara Guatemala tangu 1905. Mwaka 1939, Ulaya ikiingia vitani, alikwenda Liechtenstein, akalipa ada na kodi zilizotakiwa, akapewa uraia kwa haraka, kisha akarudi Guatemala. Mwaka 1955 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Guatemala haikulazimika kuutambua uraia huo katika shauri lile, kwa kuwa haukutokana na uhusiano wa kweli kati ya mtu na nchi. Hukumu hiyo imekosolewa, na kwa sababu nzito: ikitumiwa ovyo inaweza kumwacha mtu bila ulinzi wa nchi yoyote. Hata hivyo kigezo chake kinasimama. Nchi iliyokuwa na uhusiano wa kweli na Nottebohm ni ile aliyokaa miaka thelathini na minne.

Baadaye soko lilitanuka. Saint Kitts na Nevis ilianza mwaka 1984, Dominica ikafuata miaka ya 1990, kisha nyingine. Walio karibu zaidi nasi ni Wakomoro, watu wa bahari yetu. Mwaka 2008 bunge lao lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi, na makumi ya maelfu ya pasipoti zikaishia kwa watu wasio na uraia katika Falme za Kiarabu na Kuwait. Serikali za Ghuba zilitaka watu wale wawe na karatasi za nchi fulani, ilimradi isiwe yao. Watu hao hawakuomba kuwa Wakomoro, wala Ngazija haikuwatarajia waje. Fedha nyingi hazikuonekana katika hazina, na Novemba 2022 aliyekuwa Rais, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini kuhusiana na mpango huo. Aprili 2025, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mpango wa Malta ulikiuka sheria ya Umoja, kwa kuwa uraia umejengwa juu ya mshikamano na nia njema baina ya nchi na raia wake, na uhusiano huo haugeuzwi kuwa biashara.

Turudi Ulyankulu, kwa maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Nchi hiyo ya miombo iko kaskazini mwa Urambo, ndani ya eneo lililowahi kutawaliwa na Mirambo. Si mbali na hapo, mtaji wa kigeni ulikwisha kujaribiwa kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulipoachwa mwaka 1951, ulikuwa umekwisha kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Waliousimamia walirudi kwao. Robo karne baada ya mradi ule kuanza, familia zilizokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi zilipelekwa kwenye msitu wa jirani, zikagawiwa mashamba na kuanza kufyeka. Walilima mahindi, mihogo na maharage, kisha tumbaku. Anayeijua tumbaku ya mvuke anajua kazi yake: kitalu, kupanda, kuvuna jani kwa jani, kuni, usiku wa kukesha kwenye bani moto usizidi wala kupungua, halafu kupanga madaraja kabla ya siku ya soko. Ulyankulu ilipojaa kuliko ardhi yake ilivyoweza kubeba, sehemu ya watu walihamishiwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaanza upya na shoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, UNHCR ilikuwa imekabidhi makazi hayo kwa serikali, kwa kuwa wakazi walikuwa wanajilisha wenyewe.

Kama huo si uwekezaji, sijui tunaita nini uwekezaji. Lakini sheria zetu zilikuwa na jina hilo kwa mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, kwa utaratibu uliopitia Kituo cha Uwekezaji. Maana yake, mwenye mtaji angeweza kupata haki ya kutumia ardhi ya Tanzania bila kuwa Mtanzania, bila kujua Kiswahili, na bila kulala hapa hata msimu mmoja. Mkulima wa Ulyankulu, aliyezika wazazi wake katika ardhi ileile, aliishi juu yake kwa hisani.

Mwaka 2007 walihesabiwa watu wapatao 218,000 katika makazi yale matatu. Takriban wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Waliobaki walichagua kurudi Burundi. Mwaka 2010 maombi yalikubaliwa. Kisha likaja sharti ambalo hadi leo naliona kuwa kosa kubwa: cheti kingetolewa kwa atakayehama makazi kwenda mikoa mingine, ili makazi yafungwe. Waombaji walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, maana sheria yetu haikubali uraia pacha. Kwa hiyo kwa miaka minne walikuwa wameacha cha kwao na hawajashika cha kwetu. Waliogopa kujenga nyumba za kudumu au kupanda miti, wasijue kesho watakuwa wapi. Uchaguzi Mkuu wa 2010 uliwapita. Sharti liliondolewa baadaye, ndipo vyeti vikatolewa mwaka 2014. Pamoja na dosari hiyo, kitendo chenyewe kilikuwa cha heshima kubwa, na nchi chache duniani zimethubutu kufanya mfano wake.

Wapo wanaotetea uraia wa kuuza kwa hoja nzito, na hawastahili kupuuzwa. Dominica ilipopigwa na kimbunga Maria mwaka 2017, mapato ya pasipoti yalisaidia kujenga upya nyumba za watu maskini. Visiwa vidogo visivyo na madini wala ardhi ya kutosha vinauza vilicho nacho. Naielewa hali yao, lakini si yetu. Tanzania ina ardhi, na ardhi ndiyo ambayo cheti cha uraia hufungua. Anayenunua uraia wa Dominica mara nyingi anatafuta viza; atakayenunua uraia wa Tanzania atakuwa anatafuta hekari.

Wengine watasema sheria yetu tayari inapima uchumi. Ni kweli. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji wa tajnisi awe amekaa nchini kwa miaka ya kutosha ndani ya kipindi cha miaka kumi, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, akusudie kuishi hapa, na afae kwa mchango wake, alioutoa au anaoweza kuutoa, katika uchumi, sayansi na teknolojia au utamaduni wa taifa. Mchango umo, ila umezungukwa na ukaazi, lugha na nia. Ukiung'oa peke yake na kuuwekea bei, unabadilisha sheria nzima. Tena sheria hiyohiyo haimlazimu Waziri kutoa sababu za uamuzi wake, wala uamuzi huo haukatiwi rufaa mahakamani. Mamlaka ya namna hiyo yakikutana na orodha ya bei, yaliyotokea Komoro hayatakuwa mbali.

Mwekezaji anayetaka kuja basi auziwe kile ambacho watemi walikuwa wakiuza: kibali cha kuingia, kufanya kazi na kutumia eneo kwa muda unaojulikana, kwa malipo yanayorudiwa, na kwa kodi isiyosamehewa milele. Akikaa, akajifunza lugha, watoto wake wakasoma hapa, njia ya tajnisi iko wazi kwake kama ilivyo kwa mwingine. Na Watanzania wa ughaibuni wanaodai uraia pacha wasichanganywe na soko hili. Udugu wao na nchi hii ulikuwapo kabla ya akiba zao za benki, na madai yao yapimwe kwa mizani hiyo.

Bunge likitaka kuanza mahali, lianze Kigoma, mwisho wa njia ileile ya misafara. Mbali na wa makazi yale matatu, wapo wakimbizi wa 1972 waliojichanganya na wenyeji katika vijiji vya mkoa huo. Zoezi la kuwahesabu lilipata watu wapatao 22,000, na orodha ya 2010 haikuwahusu. Wamelima, wameoa na kuolewa, wanazungumza Kiha na Kiswahili kama majirani zao. Faili lao litangulie mezani kabla ya mswada wowote wa kumuuzia uraia mtu ambaye hajafika.