Hakuna moto: historia ya cheche kuanzia Stuttgart hadi Kaloleni

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zimenibana. Leo tunaweka hifadhidata pembeni tuongee magari. Msikimbie!! Kompyuta imo humo ndani, nawaahidi.

Jumatatu moja, baada ya mvua ya usiku kucha hapa Kaloleni, Kisumu, teksi ya mjomba ilikataa kuwaka. Ni Toyota Corolla AE100, zile zilizotoka Japani miaka ya mwanzo ya 1990 na ambazo bado zinabeba watu. Stata inazunguka vizuri, betri ina nguvu, petroli ipo, lakini wapi. Fundi wa kwanza alitoa plagi moja, akaona haina moto, akatoa hukumu: "Kompyuta imekufa." Ya mtumba ilikuwa shilingi 18,000, na ingeletwa kutoka Nairobi baada ya siku tatu. Mjomba analipa karo ya watoto wawili kwa hiyo teksi, na shule zilikuwa zimeshafunguliwa.

Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo, kwa hiyo nikaitwa. Ukweli ni kwamba sikujua kompyuta ya gari inafanya nini hasa. Shahada yangu haikugusa jambo hilo hata siku moja. Nikaanza kusoma, na nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Shida ya msingi ni hii. Injini ya petroli inahitaji cheche ndani ya silinda, kwa wakati wake kamili. Betri ina volti 12 tu, ilhali cheche haiwezi kuruka pengo la plagi bila maelfu ya volti. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch kule Stuttgart, alitengeneza magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake. Magneto ilijizalishia umeme kwa kuzungushwa na injini, betri haikuhitajika. Lakini ukiizungusha polepole, cheche nayo inakuwa dhaifu, na wakati wa kuwasha ndipo injini inapozunguka polepole kuliko wakati wowote. Hapo ndipo alipoingia Mmarekani Charles Kettering. Mfumo wake wa betri na koili uliingia katika magari ya Cadillac mwaka 1910, na mwaka 1912 Cadillac hao hao wakatoa gari lenye stata yake ya umeme.

Tazameni ujanja wenyewe. Kuna vibati viwili vya chuma, mafundi wanaviita pointi. Vikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili na kujenga sumaku. Vikiachana ghafla, sumaku inaporomoka na waya wa pili wa koili, wenye mizunguko mingi zaidi, unatoa ile volti kubwa. Distributa inaigawa kwa plagi moja moja. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hizo ni cheche 100 kila sekunde! Swichi ya chuma, inafunguka na kujifunga mara 100 kwa sekunde, na dunia iliitegemea kwa zaidi ya miaka 60. Kila ofisi ina programu moja ya namna hiyo, ambayo wote wanajua inachakaa na hakuna anayethubutu kuigusa.

Huku kwetu mfumo huo ulipimwa kwa matope. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka, kwenye mvua za masika. Mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Maji yakiingia kwenye kifuniko cha distributa, umeme unatafuta njia rahisi juu ya unyevu na plagi inabaki kavu bila moto. (Mwaka huo huo wa 1953 kule Marekani ndipo ilipobuniwa WD-40, dawa ya kufukuza maji iliyokusudiwa makombora. Leo iko katika kila gereji ya Kibuye.)

Mzee jirani yetu, tunamwita Jaduong', alitumia ujana wake wote chini ya boneti za 404 na 504. Nilikwenda kumsalimia tu, nikamweleza. Akachukua kitambaa na bisibisi, akanifuata bila kuniuliza swali hata moja.

Mimi nilikuwa na kidude changu cha Bluetooth, wale watoto wa ELM327. Hicho nacho kina historia. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha yote yawe na soketi moja ya kusomea makosa, OBD-II. Kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, ikauza chipu ya kutafsiri lugha hizo za magari. Toleo la kwanza la ELM327 lilitoka bila kufungiwa programu yake, likanakiliwa duniani kote. Elm wenyewe walifunga duka mwaka 2022, nakala bado zinauzwa kila mtaa. Nikazunguka gari lote na nakala yangu nikitafuta soketi. AE100 imeitangulia sheria hiyo, na ni ya soko la Japani, hakuna pa kuchomeka!

Jaduong' akacheka. "Kijana wangu, nitafutie waya mfupi."

Kwanza alifungua kifuniko cha distributa, akakifuta, akakitazama kwenye jua kama kina ufa. Kizima. Ndani akanionyesha kuwa pointi hazimo. Chrysler walianza kuziondoa kwenye baadhi ya magari yao mwaka 1971, wengine wakafuata. Mahali pake kuna gurudumu lenye meno linalopita mbele ya koili ndogo yenye sumaku. Kila jino likipita, kompyuta inapata habari na kuamua lini cheche ipigwe. Kazi ni ile ile ya pointi, isipokuwa hakuna kinachogusana.

Kisha akafungua kijisanduku cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa ule waya, akamwambia mjomba afungue swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikamweka mara moja, ikatulia, ikamweka mara mbili. Ikarudia. Moja, mbili. Kumi na mbili.

Msimbo 12 kwa Toyota za wakati huo maana yake ni kwamba wakati wa kupiga stata kompyuta haikupata habari ya mzunguko kutoka kwenye distributa. Nikabaki nimesimama pale. Maiti haihesabu mpaka kumi na mbili! Kompyuta iliyohukumiwa ndiyo iliyokuwa inalalamika, na haikuamuru cheche kwa sababu haikujua injini inazunguka. Ni makosa ninayoyafanya kazini kila wiki: programu ikianguka, nalaumu mstari ulioanguka, wakati aliyeuletea data tupu yuko faili tatu nyuma.

Jaduong' alifuata nyaya za distributa kwa vidole hadi kwenye soketi yake, akaichomoa. Raba ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka, pini mbili zimeota kutu ya kijani. Kipande cha msasa, kitambaa, dakika kumi za jua. Mjomba akapiga stata, ikashika mara ya pili.

Tulifunga ile soketi na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpaka leo kipo. Jaduong' alikataa pesa, akasema apelekwe Kondele kumwona dada yake, akapelekwa. Kidude changu nimekiweka kwenye droo.