Ramani Isiyo na Ufunguo

Kuna mchezo mmoja wa ramani unaopendwa sana mtandaoni. Unaonyeshwa Marekani, majimbo yake 50 yamepakwa rangi, mengine yameiva, mengine yamepauka, na ufunguo wa ramani umefichwa. Kazi yako ni kubahatisha rangi zinahesabu nini. Mvua? Bei ya nyumba? Idadi ya ng'ombe?

Wanaoujua mchezo hawaridhiki na jibu la kwanza. Chukua ramani ya kura za 2008. Katika Alabama na Mississippi kuna upinde mwembamba wa kaunti zilizompa Obama kura, umezungukwa na kaunti zilizomnyima. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba pale wanaishi Wamarekani weusi wengi. Sawa, lakini kwa nini pale? Kwa sababu mababu zao walipelekwa huko kama watumwa kulima pamba. Na kwa nini pamba ikastawi huko? Kwa sababu ya udongo mweusi wenye rutuba, na udongo huo ni mabaki ya bahari iliyokuwepo enzi za dinosaria. Umeanza na sanduku la kura, umeishia ufukweni.

Sasa turudi kwetu, maana na sisi tunayo ramani ya aina hiyo, na hii si mchezo. Ni ramani ya mikoa ya Tanzania inayoonyesha maambukizi ya VVU. Mpe mtu yeyote pale Tunduma, mficheie ufunguo, mwonyeshe jinsi rangi inavyoiva Nyanda za Juu Kusini na kupauka Zanzibar, Lindi na Mtwara. Akishajua ni ramani ya nini, atakujibu bila kufikiri mara mbili: barabara. Malori. Boda.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inaishia Tunduma, na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 inavukia hapo hapo. Kwa miaka mingi foleni ya malori ilikuwa ndefu kiasi kwamba dereva na utingo wake walilala siku kadhaa wakisubiri karatasi. Palipo na foleni pana gesti, pana baa, pana mama lishe, pana mabinti waliotoka vijijini kutafuta riziki. Halafu wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa Kagera, mkoa mwingine wa mpakani. Kwa hiyo mtu akasema: mpaka huku, mpaka kule, jibu si hilo?

Haya, tuipime. Kama barabara ndiyo jibu lote, rangi ingepaswa kuikolea barabara yote na kuiva zaidi pale malori yanapolala. Lakini barabara ile ile inapita Pwani na Morogoro, na mikoa hiyo haijawahi kuiva kama Iringa. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliziweka juu Njombe kwa asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Songwe, mkoa wenye boda yenyewe, haukuwamo katika tatu hizo. Kisha kuna Makete. Wilaya ile ya milimani ilijaa yatima wa UKIMWI wakati haina boda na haina hata lami.

Jibu la pili lilitokana na kulinganisha ramani mbili. Mwaka 1989 mtafiti John Bongaarts na wenzake walichukua taarifa za mila za makabila 409 ya Afrika, wakazipima na viwango vya maambukizi. Palipokuwa na tohara ya wanaume, maambukizi yalielekea kuwa machache. Palipokosekana, yalielekea kuwa mengi. Ukiitazama Tanzania kwa jicho hilo, mambo mengi yanakaa sawa. Pwani yote, Lindi na Mtwara ni nchi ya jando. Nyanda za Juu Kusini, kwa sehemu kubwa, hawakuwa na mila hiyo.

Lakini ramani mbili kufanana si ushahidi. Ilibidi watu wapimwe. Majaribio matatu yalifanyika Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, na kufikia mwishoni mwa 2006 yote yalikuwa yameonyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa nusu au zaidi kidogo. Inapunguza, haimalizi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na miaka michache baadaye kliniki za tohara zikafunguliwa Iringa na mikoa jirani. Wanaume waliokuja hawakuwa madereva tu, walikuwa wakulima na wanafunzi.

Kuna jibu la tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi: kalamu. Mwaka 2007–08 mkoa wa Iringa ulikuwa na asilimia 15.7. Mwaka 2011–12 ukaonekana na 9.1. Ukitazama rangi tu utasema Iringa imefanya muujiza. Kumbe katikati hapo Njombe ilikatwa kutoka Iringa, ikaondoka na asilimia 14.8 yake. Maambukizi yalishuka kweli, ila sehemu ya mteremko ule ni mstari uliochorwa ofisini.

Songwe nayo ni hivyo hivyo. Hadi mwanzoni mwa 2016 Tunduma, Vwawa, Mbozi, Momba na Ileje zote zilihesabiwa Mbeya, zikavaa rangi ya Mbeya. Mkoa mpya ulipopata hesabu yake, ukaonekana umepauka kuliko mama yake. Hakuna aliyepona siku ile. Na ndani ya rangi moja ya Songwe wamewekwa pamoja mfanyabiashara wa boda, mkulima wa kahawa wa Mbozi na mvuvi wa Ziwa Rukwa, kana kwamba maisha yao yanafanana.

Je, barabara haina hatia? Hapana, ina sehemu yake. Wakinga wa Makete wanajulikana kwa biashara na safari, na Wabena wa Njombe waliondoka kama manamba kwenda mashamba ya mkonge tangu enzi za mkoloni. Watu walioishi mbali na wenza wao, wakarudi nyumbani kwa msimu, hao ndio barabara ya kweli. Lori ni sehemu moja tu ya habari hiyo.

Hili lina uzito kwa sababu ramani ikishasomwa vibaya kuna watu wanaolipa. Binti wa Tunduma anayekwenda kuolewa Mbeya anaulizwa maswali ambayo binti wa Njombe mjini haulizwi. Dereva anaonekana mgonjwa kabla hajashuka kwenye lori. Na yule mkulima wa kijijini, mbali na lami, anajiona salama kwa sababu rangi ya hatari, kwa alivyoambiwa, iko bodani. Huyo ndiye anayechelewa kwenda kupima.

Kwa hiyo ukitumiwa ramani nyingine ya mikoa kwenye simu, iwe ya matokeo ya mitihani, ya kura au ya udumavu wa watoto, usikimbilie kutaja kabila wala boda. Uliza kwanza mistari hiyo ilichorwa mwaka gani. Kisha tafuta mkoa mmoja unaokataa jibu lako, uanzie hapo.